Malezi ya Nyumbani: Kimo cha Mtoto na Kanzu ya Mwaka Jana



Himidi zote zamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyewaumba waja wake kwa vimo na rangi mbalimbali, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu msomaji, juma hili twajibu swali la mama mmoja aliyetuandikia kuhusu mwanawe wa kiume mwenye umri wa miaka 9. Siku ya Maulidi ya chuo chao, watoto walipangwa kwa kimo kabla ya kuingia kusoma, na mwanawe akawekwa safu ya mbele kabisa, bega kwa bega na watoto wa miaka 6. Jioni ile alivua kanzu yake, akaikunja, akamwambia mamake kwamba hendi tena chuoni. Alipobembelezwa ndipo akasema kuwa wenziwe humwita "Nusu".

Mama huyu asema kila mtu nyumbani ana kauli yake. Nyanyake mtoto adai kuwa alirukwa alipokuwa amelala. Jirani asema ni jicho. Ami yake naye ameleta chupa ya dawa ambayo muuzaji aliapa kuwa huongeza kimo kwa miezi mitatu. Chupa iko kabatini hadi sasa, na mama auliza: "Je, nimpe?"

Dada yetu, tuanze na chupa hiyo. Usimpe. Hakuna dawa ya maji wala ya unga inayouzwa madukani ambayo imethibitika kumrefusha mtoto mwenye afya. Ipo homoni ya ukuaji ambayo madaktari bingwa huitumia, lakini hiyo hutolewa kwa sindano, aghalabu kila siku na kwa muda wa miaka, tena kwa mtoto aliyepimwa na kubainika kuwa na maradhi maalumu. Dawa ya kunywa usiyojua ndani yake mna nini yaweza kumdhuru mtoto ambaye hakuwa na tatizo lolote.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Mzazi anapomtazama mwanawe katikati ya wenziwe, huona jambo moja tu, nalo ni nani mrefu na nani mfupi siku hiyo. Hilo halitoshi kujua kama mtoto yu mzima. Katika kila darasa lazima awepo wa mwisho kwa kimo, kama vile lazima awepo wa kwanza. La muhimu ni kujua kama mtoto aongezeka mwaka hadi mwaka. Mlinganishe mwanao na yeye mwenyewe wa mwaka jana, kisha ndipo umlinganishe na watu wengine.

Wazee wetu wa Pwani walikuwa na kipimo chao bila ya kukusudia, nacho ni kanzu ya Idi. Mama huitoa kanzu ya mwaka uliopita sandukuni, mtoto akaivaa, na ikiwa imepanda juu ya vifundo vya miguu basi fundi hufumua upindo au hushona mpya. Huyo anakua, hata kama bado ndiye mfupi kuliko wote msikitini. Lakini mtoto ambaye kanzu ile ile humkaa sawasawa Idi baada ya Idi, bila ya upindo kufumuliwa, huyo astahili kupelekwa kwa daktari, hata kama hakuna aliyewahi kumwita mfupi.

Kanzu hukumbusha, lakini kipimo cha kweli ni tepu na kalamu ya risasi. Mtoto avue viatu, asimame wima na kuegemea ukuta ulionyooka, visigino, makalio na kisogo vikigusa ukuta, macho yakitazama mbele. Weka kitabu kigumu juu ya kichwa, kikiwa kimelala sawa na kimeegemea ukuta, kisha tia alama chini ya kitabu. Pima kutoka sakafuni hadi kwenye alama, na uandike tarehe. Rudia kila baada ya miezi sita, na iwe wakati ule ule wa siku, kwa sababu mtu huamka akiwa mrefu kidogo kuliko anavyolala. Kupima kila juma hakuna faida, kunamtia mtoto wasiwasi tu.

Je, mtoto hukua kiasi gani? Mtoto mchanga huzaliwa akiwa na urefu wa takriban sentimita 50. Katika mwaka wa kwanza huongezeka karibu sentimita 25, na katika mwaka wa pili karibu 10 hadi 12. Baada ya hapo mwendo hupungua. Kuanzia miaka 4 hadi anapokaribia kubaleghe, huongezeka sentimita 5 au 6 kwa mwaka. Akibaleghe hukimbia tena, na huenda akaongeza sentimita 8 au zaidi kwa mwaka mmoja. Mtoto wa shule ya msingi anayeongeza chini ya sentimita 4 kwa mwaka yafaa achunguzwe.

Jambo la pili ni urithi. Madaktari wana hesabu nyepesi ya kukisia kimo cha mtoto atakapokuwa mtu mzima. Kwa mvulana, jumlisha kimo cha baba na cha mama kwa sentimita, ongeza 13, kisha gawanya kwa 2. Kwa msichana, jumlisha vivyo hivyo, toa 13, kisha gawanya kwa 2. Jibu ni makisio tu, na mtoto aweza kupita juu au kubaki chini yake kwa sentimita 8 hivi.

Dada yetu ametupa nambari zake. Mumewe ana sentimita 164, yeye mwenyewe ana 152. Jumla ni 316. Ukiongeza 13 hupata 329. Nusu yake ni 164 na nusu. Mwanawe basi anaelekea kimo cha babake. Katika kijitabu cha Afya ya Mama na Mtoto alichokitunza, mtoto alipotimiza miaka 5 alikuwa na sentimita 102. Leo, akiwa na miaka 9, ana 122. Ameongeza sentimita 20 kwa miaka 4, yaani 5 kila mwaka. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, yeye ni miongoni mwa wafupi wa umri wake, lakini hajatoka nje ya mpaka wa kawaida. Nambari hizi zatuambia kuwa huyu ni mtoto mfupi wa wazazi wafupi, naye anakua, alhamdulillah. Kilichobaki ni kumpima tena baada ya miezi sita ili kuhakikisha kuwa mwendo haujapungua mwaka huu.

Wako pia watoto ambao saa ya miili yao huchelewa. Hubaki nyuma ya wenzao, hubaleghe wakiwa wamechelewa, kisha hurefuka wakati wenzao wamekwisha kusimama. Mara nyingi ukiuliza utaambiwa kuwa baba au mjomba alikuwa vivyo hivyo. Daktari aweza kulibaini hilo kwa picha ya eksirei ya kiganja cha mkono wa kushoto, ambayo huonyesha umri wa mifupa. Hata hivyo, msichana aliyefika miaka 13 na mvulana aliyefika miaka 14 bila ya dalili yoyote ya kubaleghe, waonwe na daktari.

Pamoja na kuutuliza moyo, haifai kulala. Hapa kwetu Pwani ufupi wa watoto wengi hautokani na urithi. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa katika Kenya nzima, watoto 18 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Katika Kaunti ya Kilifi walikuwa 37 katika kila 100, na hakuna kaunti iliyozidi hapo. Kudumaa si kuwa na wazazi wafupi. Ni mwili kukosa haki yake kwa muda mrefu, hasa katika siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba hadi mtoto atimize miaka miwili. Yaliyopotea katika siku hizo ni vigumu kuyarudisha yote. Kwa hivyo mwenye mimba ale vyema na ahudhurie kliniki, mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, kisha apewe chakula cha mchanganyiko huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili, muda uliotajwa katika Suratul Baqara.

Kwa mtoto mkubwa, tazama sahani yake. Chai ya rangi na mkate mtupu asubuhi, wali na mchuzi mwembamba adhuhuri, chai tena usiku: tumbo hujaa, lakini mifupa haipati kitu. Wala si lazima nyama kila siku. Mbaazi, kunde, maharagwe, dagaa, yai, maziwa ya mtindi, mchicha, papai na embe hupatikana sokoni kwetu. Mahamri kwa mbaazi za nazi ni chakula chema kuliko mahamri kwa chai. Chai yenyewe, ikinywewa pamoja na chakula, huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini vizuri, basi na ingojee.

Tazama pia usingizi. Homoni ya ukuaji hutoka kwa wingi mtoto anapokuwa katika usingizi mzito. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 ahitaji saa 9 hadi 12 kila usiku. Mtoto wetu huamka alfajiri, akaenda shule, akatoka shule akaenda chuo, akarudi kufanya kazi za shule. Akipewa na simu hadi saa tano za usiku, tumemnyang'anya usingizi kwa mikono yetu.

Yako vilevile maradhi yanayouzuia mwili kukua. Minyoo hunyonya chakula na damu, na dawa yake ni rahisi. Kichocho, ambacho kimeenea Kwale, Kilifi na Tana River, huleta damu katika mkojo na kudhoofisha mtoto. Malaria ya mara kwa mara hupunguza damu. Seli mundu huchelewesha ukuaji na kubaleghe. Maradhi ya figo, ya moyo, ya utumbo na ya tezi ya koo nayo yaweza kuanza kwa dalili ya ufupi peke yake. Kwa hivyo usikawie kwenda hospitali ikiwa mtoto ameacha kuongezeka, amepungua uzito, huchoka upesi, ana kiu na mkojo mwingi, huharisha kila mara, hulalamika kichwa na macho, au ikiwa ni mfupi mno kuliko urithi wa wazazi wake. Nenda na kijitabu chake na vipimo vya ukutani, kwani daktari huvihitaji kuliko maelezo marefu.

Ama jicho, sisi Waislamu twaamini kuwa ni haki, na kisomo ni kinga. Lakini Mtume (S.A.W.) aliyetufundisha kujikinga kwa dua ndiye huyo huyo aliyetuamrisha kutafuta tiba. Msomee mwanao, kisha umpime. Ama kurukwa, mtoto harukwi akadumaa, na tumpumzishe yule ndugu yake mdogo anayelaumiwa kwa kumruka.

Limebaki lile jina, "Nusu". Hilo, dada yetu, ndilo ugonjwa uliopo nyumbani mwako sasa. Kimo cha mwanao ni kizima, lakini moyo wake umejeruhiwa hata ameacha kitabu cha Mola wake. Katika Suratul Hujurat, aya ya 11, tumekatazwa kudharauliana na kupeana majina ya kuudhi, na katazo hilo halikumvua mtoto wala mwalimu. Babake na aende chuoni, azungumze na mwalimu kwa upole, amuombe alikomeshe jina hilo na ampange mtoto na watu wa umri wake. Na nyumbani vilevile: mtoto mfupi hutendewa kama mdogo, akabebwa, akanyimwa kazi na amana za umri wake. Mtume dukani, mpe funguo, mwache aadhini, azungumzwe kama mtu wa miaka 9.

Kisha mkalishe, umhadithie habari ya Abdullahi bin Mas'ud (R.A.). Alikuwa mtu wa umbo dogo na miguu myembamba. Siku moja alipanda mti, miundi yake ikaonekana, baadhi ya masahaba wakacheka. Mtume (S.A.W.) aliwaambia kuwa miguu hiyo, katika mizani ya Siku ya Kiyama, ni mizito kuliko mlima wa Uhud. Naye ni yule yule ambaye Mtume alipenda kumsikiliza akisoma Qur'ani. Mwambie mwanao ni kitabu hicho hicho alichokiacha, na kwamba nafasi yake chuoni yamngoja.

Chupa ya ami irudishwe kwa aliyeileta, kwa maneno mazuri, maana alikusudia wema. Na kanzu aliyoikunja iweke vyema. Idi ijayo mvishe tena, utazame vifundo vya miguu yake.

Mwenyezi Mungu atukuzie watoto wetu katika siha, elimu na ucha Mungu. Wabillahi tawfiq.