Besiboli Mashimoni? Ndiyo, na nina sababu zangu

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa, na majirani zangu hapa Mashimoni wanajua kwa nini. Nimezama katika kazi moja ambayo kila ninayemweleza hunitazama kama mtu aliyekosa usingizi: ninaunda programu ya mtandaoni inayoigiza mechi za besiboli. Besiboli! Hapa Kibera, mahali ambapo ukimpa mtoto rungu na mpira, ataweka rungu chini na kuupiga mpira teke.

Swali la kwanza ninaloulizwa ni hili: mbona si kandanda? Swali la pili, ambalo huja kwa sauti ya chini, ni hili: je, itanisaidia kubeti? Leo nataka kuyajibu yote mawili, maana jibu la la kwanza ndilo linalonipeleka kwenye la pili.

Kwanza niseme kwamba besiboli si ngeni kabisa Afrika Mashariki. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walifika South Williamsport, Pennsylvania, wakawa timu ya kwanza kutoka nchi ya Afrika kucheza mashindano ya dunia ya Little League. Mwaka mmoja kabla yao, timu ya Kampala ilikuwa imefuzu lakini ikakosa viza. Hata hivyo, si Waganda walionivuta. Mimi nimeichagua besiboli kwa sababu ni mchezo unaohesabika.

Fikiria kandanda. Mpira haukomi kutembea, wachezaji 22 wanakimbia kwa wakati mmoja, na ukitaka kuandika kila kilichotokea utachoka kabla ya dakika ya kumi. Besiboli inasimama na kuanza, inasimama na kuanza. Mmoja anarusha, mmoja anapiga. Kuna vituo vitatu ambavyo mkimbiaji anaweza kusimama, na kila kimoja kina mtu au hakina: 2 mara 2 mara 2, hiyo ni hali 8. Timu inayopiga ikishatolewa watu watatu, zamu yake imekwisha. Kwa hiyo wakati wowote waliotolewa ni 0, 1 au 2. Zidisha 8 kwa 3 upate 24.

Hizo ndizo hali zote. Ishirini na nne! Programu yangu inahitaji kujua jambo moja tu: tukiwa katika hali hii, tunaweza kuhamia hali gani, na kwa nafasi ngapi kati ya mia? Wanahisabati huuita mnyororo wa Markov, kwa jina la Mrusi Andrei Markov. Tarakilishi inarusha kete, inahama hali moja hadi nyingine, inahesabu waliofika nyumbani, na ikimaliza zamu tisa za kila upande mechi imekwisha, labda iwe sare, hapo inaongeza zamu.

Sababu ya pili ni kwamba kumbukumbu zipo, na ni za bure. Mwaka 1989 Mmarekani aitwaye David Smith alianzisha Retrosheet, kundi la watu wa kujitolea waliokusanya maelezo ya mechi za zamani, tukio kwa tukio, na kumgawia yeyote anayetaka. Kabla yake kulikuwa na Bill James, ambaye mwaka 1977 alianza kuchapisha vijitabu vyake vya takwimu za besiboli wakati akiwa mlinzi wa usiku katika kiwanda cha maharagwe ya kopo huko Kansas. Ndugu zangu, mtaa huu umejaa walinzi wa usiku. Napenda kuwakumbusha kwamba mmoja wao, akiwa na kalamu na saa za kukesha, aligeuza namna mchezo mzima unavyofikiriwa.

James ndiye aliyetupa hesabu ya kukutanisha timu mbili. Tuseme timu moja hushinda mechi 60 kati ya 100, nyingine 40. Zikikutana, nani ana nafasi gani? Wengi husema 60 kwa 40. Lakini ile 60 ilipatikana dhidi ya timu za kila aina, na leo inakutana na dhaifu. Hesabu ni hii: 0.6 mara 0.6, gawanya kwa jumla ya 0.6 mara 0.6 na 0.4 mara 0.4. Unapata 0.69. Timu kali inashinda mara 69. Na timu dhaifu? Bado inashinda mara 31. Ishike namba hiyo, tutaihitaji.

Sasa kidogo kuhusu ujenzi wenyewe, kwa wale wanaopenda mambo ya ndani. Watumiaji wangu wa kwanza ni watu wa simu za bei nafuu na bando za kununua kidogo kidogo. Kwa hiyo sikutaka kazi ifanyike kwenye seva ya mbali. Ukurasa unashuka mara moja, kisha hesabu zote zinafanyika ndani ya kivinjari chako kwa JavaScript, hata bando likiisha. Mechi moja ina mapigo kama 75 kwa timu zote mbili. Mechi 10,000 ni kama mapigo 750,000. Kwa simu ya kawaida hilo ni jambo la sekunde chache.

Kete za JavaScript zina kasoro moja: huwezi kuziambia zianzie mahali fulani. Ukirusha leo na mimi nikarusha kesho, hatuwezi kulinganisha. Nikaandika kete zangu mwenyewe zinazoanza na namba ninayoiita mbegu. Mbegu inaonyeshwa juu ya ukurasa. Mtu wa Kawangware akiandika mbegu ile ile na timu zile zile, atapata mechi ile ile, tukio kwa tukio. Hakuna siri. Naomba mlikumbuke neno hili pia.

Jambo lililonishangaza zaidi si nani aliyeshinda. Niliiambia programu kwamba timu fulani ni ya wastani kabisa, yaani nafasi 50 kwa 50 katika kila mechi. Msimu wa ligi kuu ya Marekani ni mechi 162, kwa hiyo ungetegemea ushindi 81. Nikaichezesha misimu 10,000. Karibu misimu 7 kati ya 10 ilishinda mechi kati ya 75 na 87. Na mara chache timu ile ile, bila kubadilisha mchezaji hata mmoja, ilivuka 95 au ikaanguka chini ya 67. Mashabiki wangemwita kocha shujaa mwaka mmoja na kumfukuza mwaka unaofuata. Ilhali hakuna kilichobadilika ila kete.

Na sasa tufike kwenye jambo lenyewe.

Tembea kutoka Mashimoni hadi Laini Saba, au shuka matatu pale Kawangware 46, uingie katika duka lolote la kamari. Utaona skrini zenye mechi za kandanda ambazo hazina wachezaji wa damu na nyama. Mechi inakwisha kwa dakika chache, nyingine inaanza, mchana na usiku, msimu uwepo usiwepo. Siku hizi ziko pia ndani ya simu, pamoja na ule mchezo wa ndege inayopaa.

Wasomaji, hizo ni programu za kuigiza mechi. Ni ndugu wa hii yangu. Kete zinarushwa, hali inahama, bao linaonyeshwa. Tofauti ni mbili tu. Ya kwanza, wewe huoni mbegu wala nafasi za kila tukio. Ya pili, malipo yamepangwa ili mwenye duka abaki na kitu.

Sisemi wanaiba. Hawahitaji kuiba. Chukua mfano huu: mwenyeji akishinda unalipwa mara 2.40, sare mara 3.20, mgeni mara 2.70. Jaribu kuweka pesa kwenye matokeo yote matatu ili upate shilingi 1,000 kwa vyovyote vile. Utahitaji kuweka 417 kwa mwenyeji, 313 kwa sare na 371 kwa mgeni. Jumla ni 1,101. Umelipa 1,101 ili urudishiwe 1,000! Hiyo ndiyo kodi ya mlangoni: kama shilingi 9 katika kila 100. Ukiunganisha mechi tano kama hizo katika mkeka mmoja, kodi inatozwa juu ya kodi, na kwa wastani katika kila shilingi 100 zinarudi 62. Ukiunganisha kumi, zinarudi 39.

Mtaniambia: lakini wako walioshinda. Ni kweli. Mwaka 2017 Samuel Abisai alishinda shilingi milioni 221 kwa kubashiri mechi 17 sawasawa, na mwaka 2018 Cosmas Korir akapata milioni 208. Sasa hesabu: mechi 17, kila moja ina matokeo matatu. Mikeka yote inayowezekana ni 129,140,163. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya Wakenya wote waliohesabiwa katika sensa ya 2019. Na hata ungekuwa mjuzi wa kupatia nusu ya mechi zote, nafasi yako ni 1 kati ya 131,072. Mshindi mmoja tunamjua kwa jina. Wengine wote tunawajua kwa sura, maana tunaishi nao.

Kijana mmoja jirani yangu, tuliyekua pamoja, alinijia na wazo. "Buda, weka kandanda kwa hiyo kitu yako. Tuuze tips, bob ishirini kila siku, mtu analipa na M-Pesa." Alikuwa ameshapiga hesabu: watu 200 ni shilingi 4,000 kwa siku. Kwa mtu anayelipa kodi ya nyumba hapa, hizo si pesa za kuchekea. Nikamkatalia. Akasema, "Wewe usipouza, mwingine atauza." Na hapo yuko sahihi kabisa.

Lakini nitauza nini? Programu inaweza kusema Gor Mahia wana nafasi 55 kati ya 100 ya kuwafunga AFC Leopards. Hiyo ni kauli ya kweli. Ndani yake kuna nusu nyingine: mara 45 hawashindi. Nusu hiyo haiuziki. Anayelipa bob ishirini hanunui 55. Ananunua uhakika, nami sina uhakika wa kumpa. Ile timu dhaifu inayoshinda mara 31 haitamwomba ruhusa siku aliyoweka pesa za unga.

Sidhani hesabu pekee itamtoa mtu katika kamari. Watu hawabeti kwa sababu hawajui kugawanya. Wanabeti kwa sababu kazi ya mjengo imekosekana na jioni ni ndefu. Serikali nayo imejaribu kwa sheria: mwaka 2019 ilikataa kuzipa upya leseni kampuni kadhaa, na mwaka 2025 ikapata sheria mpya ya kudhibiti kamari. Mimi si bunge. Ninachoweza ni kuweka mtambo mezani, kifuniko wazi, ili kijana wa miaka 16 arushe kete mara 10,000 bila kulipa hata senti na aone kwa macho yake mfuko unavyopungua polepole. Nimeongeza ukurasa wa namna hiyo. Unaanza na shilingi 1,000 za kubuni na malipo kama yale ya mfano wangu. Mchoro unapanda, unashuka, unapanda, kisha unashuka. Vijana wawili wameujaribu na kudai nimeuharibu makusudi. Nikawaonyesha mbegu. Wakarudia. Wakanyamaza.

Kandanda yetu nitaifikia, na kanuni zipo tangu zamani: M. J. Maher aliandika mwaka 1982 jinsi ya kukadiria mabao kwa hesabu ya Poisson, na Dixon na Coles wakaiboresha mwaka 1997. Mwenyeji akiwa na wastani wa bao 1.3 na mgeni 1.0, hesabu hiyo inasema mechi 1 kati ya 10 itakwisha bila bao. Kinachokosekana ni kumbukumbu. Mechi za Jumapili katika viwanja vya mtaani zinaandikwa nyuma ya daftari la mtu, na daftari likipotea, msimu umepotea.

Msiniambie haiwezekani. Hadi mwaka 2009 Kibera ilikuwa doa tupu kwenye ramani za mtandaoni. Kisha vijana wa hapa hapa, katika mradi wa Map Kibera, wakatembea vichochoro na vifaa vya GPS, wakaandika vyoo, visima, zahanati na shule katika OpenStreetMap. Hakuna aliyewasubirisha. Mtu mmoja mwenye simu kando ya kila uwanja, akiandika tarehe, timu, mabao na dakika, anatosha kuanza. Nitatengeneza fomu hiyo baada ya besiboli, nayo itakuwa programu huria kama hii.

Kwa wanaonisubiri nitaje mshindi wa Jumamosi: mtaendelea kusubiri. Kwa wanaotaka kujua kete zinavyorushwa, mlango uko wazi.