Akiba ya Askari Yazaa Benki

Mwaka 1997, miaka mitatu tu baada ya mauaji ya halaiki ya 1994, jeshi la Rwanda lilianzisha chama cha kuweka na kukopa. Kiliitwa Zigama, neno la Kinyarwanda lenye maana ya kuweka akiba. Nchi ilikuwa hoi, yenye wajane na yatima wengi. Mtaji ungetoka wapi?

Ulitoka katika mishahara ya askari wenyewe. Kila mwezi sehemu ya mshahara hukatwa kabla haijafika mkononi. Leo chama hicho ni benki ya ushirika iliyo chini ya usimamizi wa Benki Kuu ya Rwanda, na miongoni mwa wanachama wake wamo polisi na askari magereza.

Siri yake si wingi wa fedha. Mshahara wa askari ni mdogo, lakini haungoji mvua kama mavuno ya mkulima. Kwa hiyo mshahara huo huwa dhamana kwa askari asiye na hati ya nyumba wala shamba. Nayo riba anayolipa hurudi katika mfuko wa wanachama, badala ya kumnenepesha mkopeshaji wa mtaani.

Hata hivyo, asiyelipa deni huwadhulumu wenzake wa kambi moja, wala si tajiri wa mbali. Ndiyo maana hesabu za ushirika wowote wa askari hazina budi kuwa wazi kwa kuruta kama zilivyo kwa kamanda. Haba na haba hujaza kibaba, ila kibaba kilichotoboka hakijai kamwe.