Usaha Ndani ya Pafu

Jipu likitokea mkononi kila mtu huliona. Lililo ndani ya pafu limefichika, na mwenye nalo huweza kukaa majuma kadhaa akidhaniwa ana kifua kikuu au homa isiyo na jina. Joto humpanda, jasho humlowesha usiku, mwili hupungua. Dalili hizo ni za kifua kikuu pia, na ndiyo sababu makohozi hayana budi kupimwa. Lakini makohozi mengi ya usaha, yenye uvundo ambao hata aliye kando ya kitanda huusikia, humfanya tabibu alifikirie jipu la mapafu.

Chanzo chake mara nyingi ni kinywani. Vijidudu viishivyo penye fizi na meno mabovu huteremka pamoja na mate au chakula kilichompalia mtu, vikatua pafuni, hasa la kulia, kwa kuwa njia yake ya hewa ni pana na imenyooka zaidi. Mwenye afya hukohoa akavitoa. Aliyeanguka kifafa, aliyelewa au aliyepatwa na kiharusi huenda asiweze. Hapa nasema na wanaouguza wazee nyumbani: mzee wa kiharusi asilishwe uji akiwa amelala chali. Aketishwe wima, alishwe taratibu, abaki ameketi kama nusu saa, na kinywa chake kisafishwe kila siku, hata akiwa kibogoyo.

Katika eksirei jipu huonekana kama shimo lenye usaha chini na hewa juu. Tiba ni antibayotiki, na wengi hupona kwa hizo tu. Zikishindwa, usaha hutolewa kwa mrija, wachache hupasuliwa.

Taabu imo katika muda. Homa huweza kushuka ndani ya wiki moja, mgonjwa akajiona mzima, dawa zikabaki kabatini, na shimo bado lipo. Tiba huchukua wiki tatu, sita, pengine zaidi; wa kusema basi ni daktari aliyeitazama picha ya kifua, si hamu ya kula iliyorudi. Gharama ni nzito, hilo halifichiki. Basi jamaa wachange mapema za mwezi mzima, wasinunue za siku tano tano huku wakingoja nani atatoa.

Akikohoa damu, au pumzi ikimbana, arudishwe hospitali saa hiyohiyo, hata ikiwa ni usiku wa manane.