Bei ya Saa katika Nchi ya Dhahabu

Wako wauzaji wa saa za mkono katika Geita, Katoro na Kahama ambao bei yao huipima kwa uso wa mnunuzi. Mkulima wa pamba hutajiwa bei hii. Mchimbaji aliyetoka kupokea mgao wake duarani hutajiwa nyingine, na saa ni ile ile. Akiuliza sababu hujibiwa kwamba biashara ni maelewano. Hoja hiyo haisimami. Maelewano ni ya watu wawili wanaokijua kitu kimoja. Pale mmoja ajuapo kilichomo ndani ya kasha, na mwenziwe aonapo mng'aro tu, pana hila.

Litazamwe neno "vito". Muuzaji hutamka kwa sauti nzito kwamba saa ina vito 21, na mtu wa Shinyanga, ambako John Williamson aligundua almasi ya Mwadui mwaka 1940, hudhani ananunua hazina. Kumbe ni yakuti za kiwandani, ambazo njia ya kuziunda ilitangazwa na Mfaransa Auguste Verneuil mwaka 1902. Huwekwa ili ncha za magurudumu zisilike upesi. Kazi yake kubwa, thamani yake ndogo.

Dhahabu nayo inasikitisha zaidi. Kasha lililochovywa dhahabu kwa unene wa mikroni 10, yaani sehemu moja katika mia ya milimita, halibebi hata nusu gramu. Mchimbaji, ambaye shimoni huhesabu kila chembe, hulinunua kana kwamba limefuliwa kwa dhahabu tupu; kisha jasho na vumbi la karasha hulila mpaka shaba ya chini ionekane. Kasha la chuma kisichoshika kutu lingalimfaa zaidi, na kwa fedha chache.

Kudumu kwa saa hakutoki katika bei. Kamani huchoka, mafuta hukauka, vumbi huingia penye ufunguo. Seiko 5, iliyotoka Japani mwaka 1963, haikuwa saa ya matajiri, na bado zipo za miaka ya mwanzo zinazotembea. Hali saa ghali mara nyingi hulala kabatini kwa kukosa kipuri. Fundi gani ataifungua, na kipuri kitatoka wapi? Hilo ni swali wasilolipenda wauzaji wengi.

Watakuwapo watakaosema kwamba haya ni mambo madogo. Lakini tangu soko la madini lilipofunguliwa Geita mwezi wa Machi 2019, dhahabu ya mchimbaji hupimwa uzito na usafi wake, na bei elekezi hujulikana kabla ya kupeana mkono. Mtu yule yule avukapo barabara kwenda kununua saa, kwa nini asiikute bei imeandikwa, pamoja na aina ya mashine, unene wa dhahabu na muda wa dhamana? Sheria ya Alama za Bidhaa ni ya mwaka 1963, na abandikaye neno "dhahabu" juu ya shaba iliyochovywa hawezi kudai kwamba hajapata kuisikia.