Mfamasia mpya afundishwe na mtaani, asiishie wodini



Ndugu msomaji, ukishikwa na homa leo hapa Arusha, unaanzia wapi? Tuseme kweli. Wengi wetu hatuanzii Hospitali ya Mount Meru wala Kituo cha Afya Kaloleni. Tunaanzia duka la dawa lililo jirani na kituo cha daladala. Na mara nyingi hatuendi wenyewe, bali anatumwa mtoto na noti mkononi: "Mwambie mama anaumwa kichwa na mafua, akupe dawa." Kuanzia Ngarenaro na Unga Limited hadi Ngaramtoni, Tengeru na Usa River, duka la dawa ndiyo zahanati ya kwanza ya familia.

Kama ni hivyo, tuna haki ya kuuliza: huyu tunayemkabidhi afya zetu dukani amefundishwa kazi hiyo wapi, na chini ya nani? Maoni yangu, kama tabibu ninayewapokea wagonjwa baada ya dawa za dukani kushindwa, ni kwamba tunawafundisha wafamasia wetu vizuri darasani na hospitalini, kisha tunawaachia mtaani peke yao. Wanahitaji kipindi cha kufanya kazi chini ya mwalimu hukohuko waliko wagonjwa wengi, yaani katika kliniki za wagonjwa wa nje na katika maduka ya dawa.

Mfamasia anapikwaje?

Mafunzo ya shahada ya famasi yalianza Muhimbili mwaka 1974. Siku hizi shahada hiyo hutolewa pia katika vyuo vingine, kikiwamo cha Bugando kule Mwanza na cha Mtakatifu Yohana kule Dodoma. Kijana husoma miaka minne, kisha hufanya mwaka mmoja wa utarajali, yaani kazi chini ya usimamizi, ndipo Baraza la Famasi, linaloendeshwa kwa Sheria ya Famasi ya mwaka 2011, linamsajili. Sehemu kubwa ya mwaka huo wa utarajali hupita hospitalini, kwenye stoo ya dawa, dirisha la dawa na wodi. Anayetaka kubobea zaidi anaweza kusoma shahada ya uzamili ya famasi ya hospitali na kliniki pale Muhimbili, lakini hiyo ni njia ya wachache.

Huku mitaani hali ni nyingine. Tuna famasi ambazo kisheria lazima ziwe na mfamasia msimamizi. Halafu kuna Duka la Dawa Muhimu, mpango ulioanzia mkoani Ruvuma mwaka 2003 kuchukua nafasi ya yale yaliyoitwa maduka ya dawa baridi. Duka hilo linaruhusiwa kuuza dawa muhimu chache za cheti, zikiwamo baadhi ya antibayotiki kama amoksilini, na muuzaji wake ni mtoa dawa aliyepewa mafunzo mafupi. Mpango huu ulikuwa neema kwa vijiji. Lakini mtoa dawa huyo naye anahitaji mtu wa kumwuliza anapokwama. Mtu huyo alipaswa kuwa mfamasia, na kila mkaazi wa mji anajua kwamba katika famasi nyingi cheti cha mfamasia kipo ukutani lakini mwenyewe hayupo.

Mambo ambayo wodi haifundishi

Huenda ukasema: dawa ni dawa, aliyejua hospitalini atajua na dukani. La hasha. Wodini muuguzi ndiye anayempa mgonjwa kidonge, kwa saa maalumu, na chakula kinajulikana. Nyumbani dawa inakutana na maisha. Nitatoa mifano mitatu ya hapahapa kwetu.

Wa kwanza ni maziwa. Huku Meru na kwa Waarusha maziwa ni chakula cha kila siku, mabichi, mgando, au ndani ya loshoro. Mtu akipata ugonjwa wa bruselosisi, ambao mara nyingi hutokana na maziwa yasiyochemshwa, hupewa doksisaiklini kwa wiki 6 pamoja na dawa nyingine. Sasa akimeza kidonge hicho kwa kikombe cha maziwa, madini ya chokaa yaliyomo yanashikamana na dawa na kuzuia sehemu yake isiingie mwilini. Dawa ya siprofloksasini nayo ni hivyohivyo. Lakini dawa mseto ya malaria ni kinyume chake! Hiyo inataka chakula chenye mafuta, na maziwa huisaidia kuingia mwilini. Kinywaji ni kilekile, ila dawa moja kinaisaidia na nyingine kinaidhoofisha. Mfamasia aliyekaa miezi kadhaa Ngaramtoni akizungumza na kina mama hatasahau kuuliza, "Unakunywa dawa na nini?" Aliyeishia wodini huenda swali hilo lisimjie kabisa.

Wa pili ni presha na maumivu. Mzee anahudhuria kliniki ya presha, anapewa vidonge vya kushusha presha pamoja na vile vya kutoa maji. Magoti yanamsumbua, anapita dukani kununua diklofenaki. Hakuna anayemwuliza anatumia dawa gani nyingine. Dawa hiyo ya maumivu hupandisha presha, hupunguza nguvu ya dawa zake, na zikikutana zote tatu zinaweza kuziumiza figo. Mwezi unaofuata kliniki inaona presha imepanda, inamwongezea dozi. Kliniki inajua upande wake na duka linajua upande wake, mzee anaumia katikati.

Wa tatu ni Ramadhani, na huu unatuhusu moja kwa moja. Allah (s.w.) amempa mgonjwa ruhusa ya kufungua, kama ilivyo katika Surat al-Baqara, aya ya 184 na 185. Hata hivyo wagonjwa wengi wa kisukari hufunga, na wengi hawamwambii mtu. Anayetumia glibenklamaidi akaendelea kuimeza asubuhi kama kawaida, kisha akakaa bila chakula hadi magharibi, sukari yake inaweza kushuka ghafla akaanguka na kuzimia. Mwingine naye anaacha dawa zote mwezi mzima, na sukari inapanda hadi inatishia uhai. Kuna anayeogopa hata kupima sukari kwa kuchoma kidole akidhani swaumu itabatilika, ilhali Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997, liliamua kwamba kutolewa damu ya kupima hakufunguzi, na vivyo hivyo sindano isiyokuwa ya lishe. Kupanga upya dawa za mgonjwa ni kazi ya wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, inayofanywa na tabibu na mfamasia pamoja na mgonjwa mwenyewe. Haifanywi dukani saa kumi na mbili jioni watu wakikimbilia futari.

Wenzetu wanafanyaje?

Nchini Marekani mfamasia mpya anaweza kuendelea na mwaka mmoja wa mafunzo kazini unaoitwa rezidensi. Huhudumia wagonjwa kila siku na kulipwa, lakini juu yake yupo mfamasia mzoefu anayekagua maamuzi yake na kumsahihisha. Zipo rezidensi za hospitali, na zipo maalumu kwa kliniki za wagonjwa wa nje na kwa famasi za mtaani. Akitaka kubobea, huongeza mwaka wa pili. Uingereza nao wana mwaka mmoja chini ya mwalimu kabla ya kusajiliwa, na wengi huufanya katika famasi za mtaani.

Je, kuna faida? Katika Asheville, mji wa milimani kama wetu huko North Carolina, halmashauri ya mji iliamua mwishoni mwa miaka ya 1990 kuwalipa wafamasia wa mtaani waliopewa mafunzo ya ziada ili wakae mara kwa mara na wafanyakazi wake wenye kisukari, wawafundishe kupima sukari na kutumia dawa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionesha sukari za wagonjwa wengi zimedhibitiwa vizuri zaidi, na jumla ya gharama za matibabu yao imepungua. Duka la dawa lilifanywa sehemu ya matibabu, na likafanya kazi hiyo.

Wala jambo hili si geni katika historia ya Waislamu. Katika miji ya Kiislamu ya zama za kati muhtasibu alikuwa akikagua wauza dawa kama alivyokagua mizani sokoni. Mjini Cairo mwaka 1260 muuza dawa wa Kiyahudi, al-Kuhin al-Attar, alimwandikia mwanawe kitabu cha kazi kiitwacho Minhaj al-Dukkan, yaani mwongozo wa duka. Mzee huyo alijua kwamba elimu ya dawa haikamiliki mpaka mwenye uzoefu amrithishe anayeanza, palepale panapofanyiwa kazi. Nao wanavyuoni wetu, kwa kutegemea mafundisho ya Mtume (s.a.w.), wameeleza kuwa anayetibu watu bila kujulikana kwa elimu ya tiba hubeba dhamana ya madhara anayoyasababisha. Kama dhamana ni nzito kiasi hicho, kumwandaa anayebeba dhamana hiyo nako si jambo dogo.

Napendekeza nini?

Kwanza, ndani ya mwaka wa utarajali uliopo, walau miezi mitatu iwe nje ya wodi. Hapa kwetu mtarajali apite kliniki ya kisukari na presha ya Mount Meru, kisha vituo vya afya kama Kaloleni au Levolosi, kisha famasi ya mtaani ambayo mfamasia wake yupo kweli.

Pili, baada ya usajili, pawepo na mwaka mmoja wa hiari wa rezidensi unaotambuliwa na Baraza la Famasi na chuo kikuu. Mfamasia awe na wagonjwa wake anaowafuatilia mwaka mzima, na awe na maduka ya dawa muhimu kadhaa anayoyatembelea ili kuwaelekeza watoa dawa.

Tatu, mwaka huo ulipwe. Vijana wengi wa kada za afya wamehitimu na wanasubiri ajira. Kuwaongezea mwaka wa kufanya kazi bure itakuwa dhuluma, na tutabaki na watoto wa wenye uwezo peke yao. Halmashauri, mifuko ya bima na wenye famasi wanaweza kuchangia, kwa sababu mgonjwa asiyerudi na figo zilizoharibika ni nafuu kwa wote.

Najua matabibu wenzangu baadhi watanuna kwamba mfamasia anaingilia kazi yetu. Nawauliza: mgonjwa anayepata dakika chache mbele yako, ni nani atakaa naye kumweleza vidonge vya aina tano? Kubaini ugonjwa ni kazi yetu. Kuhakikisha dawa inafanya kazi bila kudhuru ni elimu aliyoisomea mwenzetu kwa miaka minne.

Wengine watasema tusubiri kwanza wafamasia waongezeke. Lakini usugu wa dawa hausubiri. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kuwa vimelea sugu viliua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani katika mwaka 2019 peke yake. Serikali yetu ilizindua mpango wa taifa wa kupambana na usugu huo mwaka 2017. Mpango kama huo utabaki kwenye makaratasi ikiwa kaunta ya dawa, mahali ambapo nusu dozi ya amoksilini huuzwa kila siku, haina mtu aliyefundishwa kusema hapana kwa upole na kueleza sababu.

Wewe na nyumba yako

Ndugu msomaji, mambo haya yanahitaji Wizara na Baraza, lakini yako ambayo unaweza kuyaanza leo. Usimtume mtoto dawa. Ukienda kliniki, beba dawa zako zote kwenye mfuko mmoja, hata za miti shamba. Dukani, sema dawa nyingine unazotumia, na kama una mimba au unanyonyesha. Kabla ya kuondoka uliza: dawa hii ni ya nini, nainywa na nini, kwa siku ngapi, na nikiona dalili gani nirudi? Kisha uliza swali ambalo wenye famasi hawalipendi: "Mfamasia wa duka hili yuko wapi, nataka kuzungumza naye." Tukiuliza wengi, watamleta.

Kamati za misikiti nazo zina nafasi. Kila mwezi wa Shaabani, waalikeni tabibu na mfamasia wakae na wagonjwa wa kisukari na presha baada ya swala ya Alasiri, wapange dawa zao kabla ya mfungo. Mkipata mtarajali wa famasi naye aje, akae, asikilize. Hapo atakuwa ameanza kufundishwa mtaani, hata kabla sheria haijasema.

Allah (s.w.) atupe afya, na awape elimu yenye manufaa wanaotuhudumia. Wabillahi tawfiq.