Msiba Ugenini, na Chupa Isiyoliwaza



Kwetu, aliyefiwa haachwi peke yake. Matanga hukaliwa, majirani hupika, na machozi hupata wa kuyapokea. Hapa Uingereza habari ya msiba hufika kwa simu usiku wa manane. Asubuhi mfiwa huvaa sare akaenda kazini, kwani nauli ya kwenda kuzika haikupatikana. Jioni hurejea chumbani peke yake, na huko ndiko chupa inakomngojea.

Pombe humlaza mtu upesi, lakini usingizi wake hukatika kabla ya alfajiri, na huzuni huamka ikiwa nzito zaidi. Mwili nao huzoea: gilasi moja huwa mbili, mbili huwa chupa. Hapo si tabia mbovu tena, ni maradhi.

Enyi jamaa wa mgonjwa, tahadharini. Aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu asishurutishwe kuacha ghafla, wala chupa zake zisimwagwe kwa hasira. Katika siku 3 za mwanzo aweza kutetemeka, kuona visivyokuwepo, kushikwa na kifafa, hata kufa. Dalili hizo zikizuka, apelekwe hospitali mara moja. La sivyo, amwone kwanza daktari, ambaye aweza kumpa dawa za kumtuliza kwa siku chache, na vitamini B1 ya kuukinga ubongo. Daktari hatakwenda kuitangaza habari hiyo msikitini wala kanisani.

Mwili ukishatulia, hubaki kazi ya moyo, kwani huzuni iliyoahirishwa hudai haki yake. Cruse, chama kilichoanzishwa mwaka 1959 kwa ajili ya wajane, leo humsikiliza kila mfiwa. Alcoholics Anonymous, kilichoanza Marekani mwaka 1935, hakitozi ada wala hakidai jina la ukoo. Al-Anon ni cha jamaa wa mnywaji.

Hata hivyo, tusiwaachie wengine kazi yote. Tumezoea kuchanga fedha za kusafirisha maiti. Tuchange pia saa za kuketi na mfiwa, hasa baada ya arobaini, simu zinapokoma kulia. Na aliyeacha pombe miezi kadhaa kisha akairudia asichekwe: kujikwaa si kuanguka. Arejee kwa daktari, nasi tumsindikize. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na wanaomsaidia kuyaficha kwa kuona haya, msiba utawarudia.