Lumbesa ya wodini

Wadau, leo naomba niwachokoze kidogo. Niko hapa Msalato, kaskazini mwa mji wa Dodoma, ukishika barabara ya Arusha, na kuna hesabu tatu zinanikera. Hebu tuzifanye pamoja.

Hesabu ya kwanza. Kila Jumamosi hapa kuna mnada. Wengi wenu mnaujua kwa sababu ya nyama choma, msijifanye hamjui. Sasa leta gunia la mazao lililofungwa lumbesa uone. Sheria ya vipimo haitaki gunia lizidi kilo 100, na watu wa Wakala wa Vipimo wakikukuta utajieleza. Ni kweli, lengo ni mkulima asipunjwe, si mgongo wa mbebaji. Lakini angalau kuna mtu amekaa chini akasema: hapa ndiyo mwisho.

Hesabu ya pili. Hapa hapa Msalato ndipo ulipo uwanja mpya wa ndege wa kimataifa, ule uliowekewa jiwe la msingi Oktoba 2022. Waliosafiri wanajua: mashirika mengi ya ndege hayapokei begi moja linalozidi kilo 32, hata ukisema utalipia. Utaambiwa ligawe. Kwa nini? Kwa sababu kuna kijana kule chini anayepakia mizigo, na kijana yule ana mgongo.

Hesabu ya tatu. Toka hapo, ingia wodi yoyote kubwa saa tisa usiku. Kuna mzee wa kilo 80 amepooza upande mmoja. Anatakiwa ageuzwe kila baada ya saa chache, la sivyo atapata vidonda vya mgongo. Shuka limelowa, libadilishwe. Anateleza kuelekea miguuni, avutwe juu. Nesi mmoja, mhudumu mmoja, na kitanda ambacho kile chuma chake cha kupandishia kiligoma zamani. Hivi kikomo cha nesi ni kilo ngapi?

Kimya.

Nimewauliza wauguzi watatu hapa mjini. Wote walicheka kwanza. Mmoja, mama wa makamo, akanijibu, "Mwanangu, kikomo chetu ni pale unaposhindwa kunyanyuka." Sitaji jina lake wala hospitali yake, maana tatizo si la jengo moja.

Msione natia chumvi. Kwa majirani zetu Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliwauliza wauguzi kuhusu maumivu ya misuli na viungo. Zaidi ya asilimia 80 walikuwa wameumwa sehemu mojawapo ndani ya miezi 12, na sehemu iliyoongoza ilikuwa mgongo wa chini, asilimia 62 hivi. Sita katika kila kumi! Ingekuwa ni malaria tungeshatangaza mlipuko. Kwa kuwa ni kiuno cha nesi, tunasema ni uzee, au ni unene, au "si umeolewa wewe?" halafu watu wanacheka.

Wataalamu wa Marekani wa usalama kazini walishapiga mahesabu mwaka 2007: mhudumu mmoja asibebe zaidi ya kilo 16 hivi anapomshughulikia mgonjwa kwa mikono mitupu. Kilo 16! Ndoo ya maji ya lita 20 imeshavuka. Mguu mmoja tu wa mtu wa kilo 100 unakaribia uzito huo. Na mgonjwa si ndoo. Hana mpini, anaogopa, anakushika shingo, anageuka ghafla.

Sasa tuje kwenye dawa tunayoipenda Watanzania: semina. Tatizo likitokea, itisha semina. Mwezeshaji anakuja na picha ya mtu anayekunja magoti, "inua kwa miguu, usiinamishe mgongo," chai, sambusa, posho, tumemaliza. Bahati mbaya jambo hili limeshachunguzwa. Mwaka 2011 wachambuzi wa mtandao wa Cochrane walikusanya tafiti za kufundisha watu namna ya kuinua mizigo na wagonjwa. Hawakuona ushahidi kwamba mafunzo hayo yanazuia maumivu ya mgongo. Na ukifikiri kidogo unaona kwa nini. Utakunjaje magoti wakati kitanda kiko chini, kimesukumwa ukutani, na mgonjwa yuko upande wa pili?

Mikanda ya kiuno je? Ile inayouzwa kwenye maduka ya dawa kama vile ni kinga ya risasi? Mwaka 2000 Wamarekani walichapisha utafiti wa wafanyakazi zaidi ya 9,000 wa maduka makubwa. Waliovaa mkanda kila siku hawakuwa na nafuu kuliko wasiouvaa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya mgongo wa chini nao haupendekezi mikanda. Unapendekeza mazoezi, elimu kwa mgonjwa, tiba ya viungo, na dawa za maumivu kwa uangalifu. Lakini wauguzi wetu wanachomana diclofenac chumba cha dawa, mwezi baada ya mwezi, huku tumbo na figo vikilipa gharama. Wanaojua kutibu wengine wanajitibu kwa kujificha!

Na kulala kitandani wiki mbili si tiba. Mgongo wa kawaida unataka mwendo, tiba ya viungo, na kurudi kazini taratibu kwenye kazi nyepesi. Ila ukiona ganzi sehemu za siri, mkojo unagoma au mguu unalegea, usisubiri zamu iishe. Hiyo ni dharura.

Najua utaniambia nchi ni maskini, na uuguzi ni wito. Naanza na wito. Urubani ni wito, lakini rubani ana saa za mwisho za kuruka. Wito ni sababu ya kumtunza mtu vizuri, si ruhusa ya kumvunja. Tena angalia, neno "wito" halitumiki kamwe kwa anayesaini manunuzi.

Kuhusu umaskini: sisemi kesho tufunge winchi za kunyanyulia wagonjwa kila wodi kama California, ambako tangu mwaka 2012 hospitali zinabanwa na sheria kuwa na mpango wa kumhamisha mgonjwa kwa usalama. Naongelea vitu vya kawaida. Kitanda kinachopanda na kushuka, na fundi wa kukitengeneza kinapogoma. Shuka la nailoni la kutelezeshea, ambalo humfanya mgonjwa asogee badala ya kubebwa. Machela yenye magurudumu yanayozunguka. Watu wa kutosha zamu ya usiku. Jiji lenye watu zaidi ya 765,000 kwa sensa ya 2022, linalojenga ofisi, reli na uwanja wa ndege, lishindwe na shuka la nailoni?

Sheria zipo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ni ya 2003. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ni ya 2008, na mfuko wake ulianza kazi Julai 2015, kwa michango ya mwajiri, si yako. Tatizo ni ushahidi. Orodha ya magonjwa ya kazini ya Shirika la Kazi Duniani, iliyopitiwa upya mwaka 2010, inataja kifundo cha mkono, kiwiko na goti. Mgongo haukutajwa kwa jina. Unaangukia fungu la "mengineyo", ambalo linadai uhusiano na kazi uthibitishwe. Na utauthibitishaje wakati siku ulipoumia ulimeza vidonge viwili ukanyamaza?

Kwa hiyo, sista, kaka, mhudumu: siku mgongo ukilia baada ya kumnyanyua mgonjwa, andika. Tarehe, saa, kitanda, mlikuwa wangapi. Mpe mkuu wa kitengo, baki na nakala. Nakala kumi za wodi moja ni ngumu kuziita uzee. Nanyi viongozi wa TUGHE, kila mkutano tunasikia mishahara na madaraja, na ni haki. Ongezeni swali moja tu mezani: kikomo ni kilo ngapi?

Begi linalo. Gunia linalo. Namsubiri mtu wa kunijibu kwa nini nesi hana.

Naomba kuwasilisha.